Nilinusa Chakula cha Wifi Yangu

Mpaka leo mtu akiniambia "tulia" natamani nimzabe kibao. Nimeambiwa nitulie maisha yangu yote, tena na walewale wanaonichokoza. Mwili wangu ni mkubwa tangu nikiwa shule ya msingi, na sasa mimi mwenyewe ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Ikungi. Siku ya mnada mtu nisiyemjua, hanijui, ananiita bonge huku ananichagulia vitunguu. Nikikunja uso anasema, "Aa, mama, tulia bwana, utani tu." Utani gani huo wa upande mmoja?

Hospitali ndiyo usiseme. Ukienda na jino, unaambiwa uzito. Ukienda na kikohozi, uzito. Kuna siku nilijikaza nikamwambia daktari ukweli: silali, na nikirudi kutoka shule najifungia ndani na sufuria ya wali, nakula nalia, nalia nakula, hata sijui kama chumvi ipo au haipo. Akautazama mzani, hakunitazama mimi, akasema nipunguze kula. Ahsante sana! Kama ningekuwa naweza, ningekuja kwake kufanya nini?

Nadhani aliyaona machozi yanakuja, maana alinielekeza haraka haraka kwa binti wa ushauri nasaha, chumba cha nyuma. Binti mwenyewe angeweza kuwa mwanangu wa kumzaa. Akaniamkia shikamoo, akanikaribisha kwenye kundi la wanene wenzangu, kisha akampa kila mmoja punje ya karanga. Moja! Akasema tuitazame, tuinuse, tuitafune polepole huku tukifuatilia kinachopita mwilini na moyoni. Tukifumba macho ni sawa.

"Binti," nikamwambia, "nimeacha darasa langu nije kutafuna karanga moja?"

Wenzangu wakacheka. Yeye hakucheka, wala hakuniambia nitulie. Akaniuliza, "Hiyo hasira, mwalimu, unaisikia wapi?"

Khaa! Nikazidi kukasirika. Lakini kweli niliisikia. Ilikuwa hapa chini ya koo, imekaa kama tonge lililokwama. Akasema nisiifukuze na nisiilishe, niitazame tu. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba hasira yangu inaweza kutazamwa. Nikarudi tena wiki iliyofuata, na nyingine.

Msinielewe vibaya, sikupungua. Na kwenye chumba kile mzani haukuwepo kabisa, ndiyo maana nilikipenda. Kilichobadilika ni kwamba nilianza kuukamata mkono wangu ukiwa njiani kwenda kwenye sufuria, nikajiuliza: una njaa, au kuna mtu kakutukana leo? Mara nyingi kuna mtu alikuwa amenitukana. Mara nyingine nilikula hivyo hivyo, lakini nilijua ninachokula. Nikaanza kulala. Nilikuwa nakula namna ile ya karanga kila mlo, nafumba macho kidogo, navuta pumzi, nanusa, natafuna taratibu, na niliishikilia namna ile kwa sababu nilikuwa naogopa sana kurudi kule nilikotoka.

Ndipo kikaja kipaimara cha mtoto wa kaka yangu, nyumbani kwa mama, Misigiri.

Nyumbani kwetu kwenye sherehe wanawake tunakula ndani, tumekaa mkekani, wote sinia moja. Isipokuwa mimi. Mimi nawekewa sahani yangu peke yangu, mlima wa ugali na paja la kuku juu yake. Wanasema ni heshima ya mwalimu. Ikifika mbele yangu wote wanatazamana na kuchekelea, na nisipoimaliza wanauliza nani kaniudhi. Hiyo ndiyo heshima yangu, nimeila miaka yote.

Siku hiyo wifi yangu, mke wa kaka, ndiye aliyepika. Ndiye anayeishi na mama, ndiye anayemchotea maji na kumfulia, mimi nikiwa huku Ikungi na chaki zangu. Akaniwekea sahani, tukaomba, tukasema amina. Wenzangu wakaanza kula. Mimi nikainua tonge, nikafumba macho, nikanusa.

Nilipofumbua, wote walikuwa wameacha kula. Mkono wa shangazi umesimama hewani na mchuzi unadondoka.

"Unanusa chakula cha watu?" akaniuliza.

Jamani, nilisahau. Nilisahau niko wapi! Kwetu anayemkaribisha mgeni pombe hunywa kwanza yeye, ili mgeni aone hakuna kilichotiwa. Kunusa ulichopakuliwa, tena ukiwa umefumba macho kama unaomba dua ya kujikinga, tena kwenye sahani ya peke yako, ni kumwambia mpishi mbele ya ukoo: umeniwekea kitu.

Wifi alishaelewa hivyo hivyo. Akaja akapiga magoti mbele yangu, akanyofoa nyama kwenye sahani yangu, akaitafuna huku machozi yanamtoka. "Haya wifi, nimekula. Nikifa tufe wote. Leo mimi nimekuwa mchawi?"

"Hapana wifi, siyo hivyo, nisamehe," nikasema. Nikajaribu kueleza, mara pumzi, mara karanga, mara binti wa hospitali. Nilipokuwa naeleza nikajisikia mwenyewe jinsi maneno yale yalivyokuwa hayana miguu mle ndani. Shangazi akanikata. "Hospitali gani inafundisha watu kunusa? Kama humshuku, maliza sahani yote, tuone."

Nikamtazama mama. Mama ndiye angeweza kusema hapana. Akanisogezea sahani kwa mkono wake, akaongeza na kipande kutoka kwenye sinia. "Kula, mwanangu. Kula kama siku zote, yaishe."

Hapo hasira ikapanda, aisee, nikaisikia inavyopanda. Kama siku zote! Nisipomaliza, wifi anabaki na jina la uchawi kijijini, na mama anabaki na mkwe mwenye kinyongo. Nikimaliza, nimerudi kulekule, kula ili wengine wapate amani. Kila amani katika nyumba ile ilikuwa inapitia tumboni mwangu. Baba alipokasirika, nilikula. Kaka alipofeli mtihani, nilikula mimi, maana yeye alisusa na chakula kisitupwe.

Nikala. Lakini nilikula kwa namna yangu. Nilifumba macho palepale mbele yao, nikatafuna taratibu, wote wakanisubiri, maana hakuna aliyethubutu kunawa mikono. Kuku alikuwa mtamu. Nikamwambia wifi, "Wifi, kuku wako ni mtamu, na sijawahi kukwambia kwa sababu sijawahi kumsikia ladha." Nikaendelea mpaka mwili ukaniambia basi. Mlima ulikuwa bado nusu. Nikaisukuma sahani mbele.

"Nimeshiba."

"Maliza," shangazi akasema.

"Nimeshiba, shangazi! Mkitaka nife kwa sumu, wifi hana sumu. Sumu ni hii ya kunijazia sahani halafu mnanicheka! Nimekula nikilia kwa miaka, nimejifungia na masufuria kama mwizi, na hakuna hata mmoja wenu aliyeuliza. Leo nimenusa tonge moja, mmeuliza wote!"

Kumjibu shangazi namna ile, kwetu, si jambo dogo. Wifi akainuka, akaichukua ile sahani, akakaa nayo kando, akaimalizia yeye tonge kwa tonge mbele ya shangazi. Sijui kama alikuwa ananitetea mimi au anajitetea yeye. Kesi ya uchawi iliishia hapo. Mama aliinuka akaenda jikoni.

Kesho yake asubuhi nikaaga. Sijawahi kutoka kwa mama mikono mitupu. Siku zote kuna kuku aliyefungwa miguu, kuna unga wa uwele, kuna mafuta ya alizeti kwenye dumu, na kuna kitu cha kula njiani hata kama nimetoka kunywa chai sasa hivi. Siku hiyo alinisindikiza mpaka barabarani hana kitu. Nikasema moyoni, haya, amenifukuza. Tonge likakwama tena pale chini ya koo, nikaliacha likae.

Akasimama. Akanitazama kuanzia miguuni mpaka usoni, taratibu, na nikaona kwamba hakuwa amekasirika. Alikuwa amekwama.

"Sasa mwanangu," akasema, "mimi nikupe nini?"

Alikuwa anauliza kweli. Mama yangu, mwanamke mzima, hakuwa na kitu kingine alichojua kunipa. Nilitaka kumhurumia lakini hasira ilikuwa imetangulia, na ndiyo iliyojibu.

"Niulize habari zangu!"

Akashtuka. Akakaza kanga kiunoni kama mtu anayejiandaa kubeba mzigo. "Haya. Habari zako?"

Nikafungua mdomo nijibu "nzuri," kama nilivyomjibu miaka yote, kama wote tunavyojibu hata tukiwa tumelazwa wodini. Halikutoka. Mama akasubiri. Magari yakapita, na yeye bado amesimama ananitazama mdomoni.

"Mbaya, mama," nikasema. "Tangu nikiwa mtoto, mbaya."