Mkufu wa Maharage Shingoni kwa Mama wa Kwaya

Natengeneza mikufu ya maharage ya rangi, nauza sokoni Lushoto. Naona haya kuita wateja, kwa hiyo nilimvalisha kiongozi wa kwaya yetu mkufu mmoja. Nilijua ukipendeza, kwaya nzima itaagiza.

Maharage huwa nayaloweka ili sindano ipite, kisha nayaanika. Wiki ile ukungu haukuondoka, nikampa kabla hayajakauka. Yalivyovimba, mimi nikaona yamenawiri!

Jumapili, kwaya ikiimba, watoto walianza kucheka. Baada ya ibada mama kiongozi akaniita mbele ya waimbaji wote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, njoo upalilie shamba lako."

Machipukizi meupe yalikuwa yamelala kwenye kola yake. Nikainama, nikaangalia viatu vyangu.

"Tunaagiza wote," akasema, "ila maharage yetu uyakaange kwanza."