Mkunga na Gari la Kurudi Nyuma

Jumatatu nilikuwa kwenye gereji moja ya Zone Industrielle, eneo la viwanda, alipoingia mama mkunga wa mtaa wa Kinanira. Gari lake jipya lilikuwa limeharibika giaboksi, ikabaki gia moja tu: ya kurudi nyuma. Kwa miezi minane gereji ilikuwa ikimwambia kipuri kimezuiwa na vikwazo vya nchi jirani.

Karani alifunua faili, akajikuna kidevu. "Pole, mama. Garanti ya gari iliisha juma lililopita."

"Iliisha gari likiwa wapi?"

"Hapa kwetu."

"Basi imefia mikononi mwenu. Leta ufunguo."

Niliomba lifti, nikawa jicho lake la kushoto. Tulivuka mji kinyumenyume, yeye shingo kaipinda, watu wakishangilia na kusoma jina la gereji lililobandikwa kwenye kioo cha nyuma. Kwenye kizuizi askari aliinama dirishani.

"Mama, we unakuja ao unaenda?"

"Mi naenda kuzalisha. Fungua!"

Akafungua, akalipigia saluti buti la gari lililotangulia kupita.

Alhamisi gereji ilimwita: kipuri kimeonekana stoo. Kilikuwa kimefika zamani. Kilichochelewa njiani ni aibu.