Mpira wa Karibu

Vijana wanaocheza gofu ya kulipwa siku hizi wananichosha. Juzi walikuja watatu hapa Mbale, wakaninunulia chai, kisha wakaanza kunisomesha: mapaja yabebe uzito gani, mayai mangapi asubuhi, mpira uende hatua ngapi. Mmoja akaniuliza, "Mzee, enzi zenu mlikuwa mnapiga mbali?" Nikamwambia tulipiga mbali, tena mno, na mwenye bahati alikuwa yule aliyejua kupiga karibu. Wakacheka. Niliacha chai yao mezani nikaondoka.

Aliyepiga mbali kweli alikuwa shemeji yangu, mume wa dada yangu. Ilikuwa Jinja, miaka ya utawala wa jeshi. Kazi yake ilikuwa kucheza na kufundisha, lakini wanafunzi wake wa zamani walikuwa wamefukuzwa nchini au wamekimbia, basi kila alfajiri alishuka ufukweni Masese kupakia masanduku ya samaki. Mwili wake uliumbwa huko. Miguu kama mchi, mgongo hauna nyama ya bure. Alipenda kusema mpira haupigwi kwa mkono, unapigwa kwa tumbo lililoshiba na miguu iliyotembea.

Waliobaki kucheza walikuwa maafisa. Mmoja wao, afande mnene mwenye sauti ya upole, alitaka jambo moja tu duniani: kumpita shemeji. "Wewe nafundisha mimi," alimwambia siku ya kwanza. "Mimi nataka mpira yangu nakwenda mbele ya yako." Alicheka aliposema hivyo. Askari wake walitazama chini.

Basi tukalitafutia dawa. Mimi nilikuwa mtazama mpira: nasimama mbele, ng'ambo ya mwinuko, naangalia mipira inapoangukia ili isipotee. Wapigaji hawanioni mpaka waupande ule mwinuko. Nilifanya kazi pekupeku, kama sisi wote. Mpira ukishatulia naupitia, naubana kati ya kidole gumba cha mguu na cha pili, natembea nao hatua arobaini kama mtu anayetafuta kivuli, nauachia. Uwanja ule viboko hupanda usiku kula majani, na mpira ukidumbukia kwenye unyayo wa kiboko sheria inaruhusu kuutoa, kwa hiyo mtu kuzurura karibu na mpira hakushangazi. Sharti lilikuwa moja: usiiname, usiangalie chini. Ukiinama, akatokea askari upande wa mtoni akakuona, umekwisha.

Wala sikuhitaji kuangalia. Mpira wa karibu ulikuwa wa afande, wa mbali wa shemeji, miezi na miezi. Nauchukua wa karibu, naupeleka mbele ya ule wa mbali, afande anapanda, anauona wake umeongoza, anapiga makofi. Shemeji anasema, "Hongera, afande," kisha anarudi nyumbani na uhai wake. Wabeba mifuko ya fimbo wote walijua, na hakuna aliyefungua kinywa. Siku zile hata mto hatukuutazama sana, kwa ajili ya vitu ulivyokuwa unabeba.

Dada yangu peke yake hakuridhika. "Kwa nini usipige karibu tu?" alimwomba mumewe. "Kuna ubaya gani?" Shemeji alimjibu kwamba mkono wake haujui kudanganya, na mguu wangu mimi unatosha. Kiburi alikuwa nacho, nisiseme uongo. Nami nilikipenda kile kiburi.

Tulichosahau ni kwamba afande alikuwa anafundishwa kweli. Shemeji hakujua kufundisha nusu. Alimkimbiza asubuhi, akamrukisha kamba, akamkataza pombe, na lile tumbo likaanza kuisha. Afande anakula nyama kambini, sisi tunakula muhogo na chumvi ya kuazima. Shemeji alikonda mpaka mkanda wake ukatobolewa tundu jipya, kisha jingine. Halafu Ramadhani ikaingia.

Siku yenyewe afande alileta wageni, maafisa wenzake kutoka kambi ya Mbale, waje wamtazame anavyompita mwalimu wake. Ilikuwa alasiri, jua kali. Mimi nimefunga, shemeji amefunga, na alfajiri alikuwa ameshabeba samaki wake. Nikasimama mahali pangu. Nikasikia pigo la kwanza, kisha la pili. Mipira miwili ikaanguka, mmoja karibu, mmoja mbali. Kichwa kilikuwa kinanigonga kwa kiu. Nikaupitia wa karibu, nikaubana, nikatembea hatua arobaini, nikauachia. Mazoea yana taabu, wallahi.

Afande alitangulia kupanda mwinuko, karibu anakimbia. "Ile ya mbele ni yangu," akawaambia wageni. "Leo mimi nasikia kwa mikono." Akauinamia. Mpira wake siku zote ulikuwa na alama nyekundu. Huu ulikuwa na alama ya bluu, ya shemeji. Wake ulikuwa kule nyuma, umelala peke yake. Alikuwa amempita mwalimu wake kwa mara ya kwanza, kwa haki yake kabisa, na mguu wangu ukamnyang'anya.

Mgeni mmoja akacheka, mmoja tu, tena kidogo. Shemeji alifika, akauangalia mpira, akageuka kutazama kule nyuma, mahali alipojua nguvu zake za siku ile ziliishia. Kisha akaangalia miguu yangu. Alikuwa na neno moja tu la kusema: umesogezwa. Angelisema, wangeuliza ni nani, wangeuliza tangu lini, na mimi nisingefika nyumbani. Akavua kofia.

"Ni wangu, afande," akasema. "Leo nimekuzidi."

"Hongera, bwana," afande akajibu, kwa ile sauti yake ya upole. Akawageukia wageni, wakaendelea kucheza mpaka shimo la mwisho.

Siku ya tatu gari lisilo na namba lilisimama mlangoni kwao, baada ya sala ya adhuhuri. Walisema mwalimu anatakiwa Mbale, akafundishe kambini. Waliongea kwa adabu kabisa. Dada yangu alimfungia viatu vyake vya kuchezea kwenye gazeti, akamtilia na tende za kufuturu njiani.

Vita vilipofika na jeshi lile likakimbia, tulikuja Mbale kumtafuta. Tuliuliza kambini, tukauliza mtaa wa Namatala kwa vibarua waliowahi kufagia huko. Watu walifunga madirisha wakisikia tu Kiswahili chetu, lugha ya wale askari, na siwalaumu. Uwanja wa gofu ulikuwa mahindi na ng'ombe. Dada alikataa kurudi Jinja bila yeye, tukapanga vyumba mtaa wa Namakwekwe, na nyasi zilipofyekwa tena nikaanza kufundisha mimi, nikala kwa kazi ya shemeji. Dada aliwalea wanawe kwa maneno haya: "Baba yenu aliponzwa na kiburi. Aliambiwa apige karibu." Miaka yote hiyo nilimsikia, nikanywa chai yake, nikanyamaza. Mwoga mkubwa mimi!

Juzi, nilipowaacha wale vijana, nilimkuta dada uani anachambua mchele. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, tangu hatua zile arobaini mpaka alama ya bluu. Alitazama miguu yangu, na viatu ambavyo sijavivua nje tangu vita viishe.

"Alijua?"

"Alijua."

Akaurudia mchele wake. "Jioni ile alirudi akaniambia, leo nimepiga mbali mno. Nikamtukana, Mungu anisamehe. Akasema nikupelekee futari, maana leo umechoka sana. Ilikuwa sahani moja tu nyumbani, muhogo na samaki. Nikakuletea wewe. Yeye alifuturu kwa maji."

Akaweka ungo chini.

"Na wewe ukaila?"

"Niliila," nikasema. "Yote."