Manyoya ya Vifaranga

Nilimpeleka baba kwenye mabwawa ya kuzalishia samaki, chini ya milima ya Matogoro, nikamwambia tunakwenda kutazama ndege. Ndege wapo kweli. Wanafuata samaki, na siku hizi watu huja na kamera kuwapiga picha. Lakini mimi nilikwenda kupima macho ya baba.

Tangu alipofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho alikuwa akikaa kwangu Ruhuwiko, na kila alfajiri swali ni lilelile: lini anarudi Namtumbo kwenye mahindi na tumbaku yake? Huko anaishi peke yake tangu mama afariki. Nikimuuliza kama anaona, anasema anaona kila kitu. Kliniki hataki kurudi. Kumpima nyumbani kwangu ni kazi bure, maana ameshakariri mpaka misumari ya ukutani. Mwishowe nikamwahidi kwamba akiona vizuri, Jumamosi nampandisha basi. Niliahidi kwa hasira, ili anyamaze.

Kutazama ndege kunataka utulivu, na mimi sina. Nilizunguka bwawa, nikarudi, nikahama tena.

"Baba, yule mweupe kwenye tope unamwona?"

"Yangeyange. Wako wawili."

Walikuwa watatu. Sikujua kama huko ni kuona au kutokuona.

Juu yetu ndege akalia. "Kwazi huyo," baba akasema, kidole kikiwa kimeshanyooka kabla sijainua kichwa. Nikafurahi, halafu nikaudhika. Kwazi akilia, hata asiyeona anajua yuko wapi.

"Na yule wa bluu kwenye waya?"

"Mdiria. Acha haraka, mama, utawafukuza."

Rangi nilikuwa nimemtajia mwenyewe, mjinga mimi.

Tukafika kwenye matangi, nami nikaegemea bomba refu la maji. Dada anayeyahudumia akachota kwa wavu mdogo, akamimina kwenye beseni samaki wachanga, wembamba kama sindano, wakahangaika majini.

"Shikamoo, mzee. Sogea uone vifaranga vyetu."

"Marahaba." Baba akainama mpaka pua ikakaribia maji. Nyuma ya matangi bata walikuwa wakipiga kelele. "Vizuri sana hivi," akasema. "Naona manyoya yameshaanza kuota."

Dada akacheka mpaka maji yakamwagika. "Mzee, una utani wewe!"

Baba naye akacheka, kwa kuchelewa kidogo. Asubuhi yote nilikuwa nikitaka kumkamata, na nilipomkamata nikaona aibu kama niliyemfungulia mzazi mlango wa bafu akiwa anaoga.

Dada akaenda kurudisha samaki wake. Nami nilikuwa nimeshahama tena, kama kawaida yangu, na kelele za bata zilifunika hatua zangu.

"Umeona mwenyewe," baba akasema kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi. "Jumamosi mapema, mama. Tuwahi siti za mbele."

Alikuwa akizungumza na bomba nililokuwa nimeliegemea mwanzo. Mimi nilikuwa upande wake wa pili, karibu kiasi cha kumgusa bega, na ningeweza kumjibu palepale. Lakini nikanyata hadi kwenye bomba, nikasimama mbele ya macho yake, ndipo nikasema, "Jumamosi hatuendi, baba."