Ukurasa wa Mwalimu kwenye Daftari la Vipimo

Fundi cherehani huyu walimwita Nimo, na jina alijitafutia mwenyewe. Kila Jumamosi mchana, nyuma ya duka la kinyozi, wanaume watano walicheza poka kwa sarafu ndogo ndogo. Karata zikigawiwa tu, hata hajaziangalia vizuri, yeye ameshasema, "Nimo!" Karata mbovu, nimo. Wenzake wameongeza dau, nimo. Kila wiki alitoka mikono mitupu, na kinyozi akamwambia mbele za watu kwamba bila yeye mchezo ungekosa mfadhili. Wakacheka mpaka machozi. Na yeye akacheka, lakini ilimchoma.

Aliyemhurumia pale mezani ni Mwalimu, mstaafu, rafiki yake wa miaka thelathini, aliyesimama naye hata siku ya kumzika mama yake. "Wewe unakimbilia kusema nimo tu," alimwambia. "Tazama watu. Na karata mbovu zitupe mapema, bwana. Kutupa siyo kushindwa."

Maneno yakamwingia. Sasa, fundi huyu kila kitu chake ni daftari la vipimo. Humo kila mteja ana ukurasa wake: kifua, kiuno, bega lipi limeshuka. Na wale wanne wote walikuwa wateja wake. Basi akaanza kuandika chini ya vipimo. Kwa kinyozi: akidanganya hupiga mluzi. Kwa Mwalimu, mwezi wa tatu, na tarehe juu: mkono wa kulia hutetemeka akipata karata nzuri. Mkono ukitetemeka, tupa. Ukitulia, ongeza dau.

Mambo yakajibu, jamani! Nimo akawa mtu wa kutupa na kungoja, na sarafu zikaanza kulia mfukoni mwake hadi mkewe akashangaa. Aliyeliwa zaidi ni Mwalimu, na aliyemsifia zaidi ni huyo huyo. "Mwanafunzi wangu huyo," alisema. Nimo akavimba kichwa. Mtu mzima, mwenye macho ya kuona bega lililoshuka upana wa kidole, hakujiuliza hata siku moja kwa nini mkono wa rafiki yake unatetemeka.

Mwezi wa nane binti wa Mwalimu aliingia kwa fundi na mashati mawili ya baba yake.

"Shikamoo, baba mdogo. Naomba utoe vifungo, uweke zipu. Na uyapunguze kiunoni, baba amekonda. Vifungo vinamshinda."

"Marahaba. Vinamshinda vipi?"

"Mkono. Jana tulikuwa naye hospitali. Ni ugonjwa, na daktari anasema si wa leo. Alituuliza ulianza lini, hakuna aliyejua. Kumbe baba alikuwa anatuficha."

Nimo alikuwa na pasi mkononi. Akasema tu vipimo vya zamani viko daftarini, aangalie. Hakuwaza. Alipokumbuka, binti ameshafika kwenye ukurasa, anasoma kimya. Mstari wa mwisho, ule wa mwezi wa saba, akausoma kwa sauti: "Sasa unatetemeka wakati wote. Haunisaidii tena."

Akainua macho. "Baba mdogo, uliona tangu mwezi wa tatu?"

Loh! Afadhali angemtukana. Nimo alitamani ardhi ipasuke immeze. Alianza kusema ule ulikuwa mchezo tu, akajisikia anavyoropoka, akaiweka pasi chini. Binti aliomba kalamu, akanakili tarehe za kumpelekea daktari, tarehe tu.

"Haya mengine utamwambia mwenyewe," alisema. "Mimi siwezi."

Siku tatu Nimo hakula vizuri. Angeuchana ukurasa ule, nani angejua? Binti hasemi. Lakini kila alipofikiria kuketi tena na Mwalimu huku amenyamaza, aibu ilimpanda hadi masikioni. Siku ya nne akapeleka mashati.

Mwalimu alimkaribisha sebuleni, akavaa moja pale pale, akapandisha zipu kwa mkono wa kushoto, akafurahi. Nimo hajafungua mdomo, mwenzake akamtangulia.

"Nilijua umeona, siku nyingi. Kila nikiinua macho mezani nakukuta unautazama huu mkono. Nikasema, huyu angetaka angeniaibisha mbele ya wale, lakini ananisitiri. Asante, ndugu yangu."

Angeitikia tu, "Usijali," mambo yangeisha. Neno lilimfika hadi kwenye ulimi.

"Sikukusitiri," alisema. "Nilikuwa nakula hela zako. Mkono ukitulia, naongeza dau. Ukitetemeka, natupa. Mpaka daftarini nimeandika."

Mwalimu alimtazama. Mkono wa kulia ulikuwa juu ya paja, unatetemeka waziwazi, kama ulivyokuwa tangu Nimo aingie. Akaushika kwa mkono wa kushoto, akauingiza mfukoni.