Daktari alinitabiria insulini nikiwa mjamzito, nikambishia kwa sababu ya michembe

Wakuu, heshima kwenu. Humu nimezoea kusoma na kupita, leo naandika yangu, na chumvi sijaongeza.

Nauza vitenge hapa Mabatini, Mwanza. Mimba yangu ya kwanza mtoto alikuwa mkubwa kupita kiasi, akakwama wakati wa kuzaliwa. Hakulia. Tulimzika Magu kwa wakwe.

Mimba ya pili wakanipima mapema, wakakuta kisukari cha ujauzito. Nikapangiwa mlo na kupewa mashine ya kujipima nyumbani, asubuhi kabla ya kula na tena baada ya kula.

Niliporudi kliniki, daktari akaangalia majibu, akasema, "Mama, jiandae. Wewe mlo peke yake hautatosha, utahitaji insulini."

Nikamuuliza kama siku hizi anapiga ramli.

Akacheka. Akanieleza kwamba sukari ikiwa juu asubuhi tumbo likiwa tupu, mara nyingi mlo peke yake hauishushi. Halafu kuna yule mtoto mkubwa wa kwanza, na mama yangu mzazi ana kisukari.

Nyumbani nikamsimulia mama mkwe, aliyekuja kunitunza.

"Tumbo tupu lipi? Si huwa unatafuna michembe na chai ndiyo unajipima?"

Kweli kabisa. Wasukuma wenzangu mtanielewa. Michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kwetu siyo kula. Kula ni ugali. Mtu anakwambia hajala huku anatafuna.

Nilifurahi jamani. Nikarudi kliniki kifua mbele, nikawaeleza habari ya michembe. Nesi alicheka mpaka akakaa chini.

Daktari akasema, "Basi pima upya, usiweke kitu mdomoni zaidi ya maji. Ikishuka vizuri, nitakuomba radhi."

Nikapima wiki nzima bila michembe. Ilishuka kidogo, ila bado ikawa juu.

Mama mkwe akaniambia ukianza sindano huachi tena. Nililia, sitadanganya. Halafu nikamkumbuka yule tuliyemwacha Magu, nikasema, "Mama, nisamehe, hizi nachoma." Nikaanza wiki hiyo hiyo.

Mlo niliendelea nao, daktari akawa ananirekebishia dozi, mtoto akakua kwa kiasi chake.

Wakuu, huyu alilia. Alilia hata kabla hajafutwa, nesi akasema huyu kazaliwa na hasira. Mama mkwe nje ya wodi alipiga vigelegele mpaka akatulizwa.

Na sindano niliacha baada ya kujifungua. Sukari imerudi kawaida, ila nimeambiwa niendelee kupima.

Nilichojifunza: ukitabiriwa insulini, muulize daktari anaona nini, na hakikisha unajipima ipasavyo. Mimi kuambiwa mapema kulinipa muda wa kubisha, kulia na kukubali, mtoto akiwa bado salama tumboni.

Mliopitia hii, ninyi mlijuaje kwamba mlo hautoshi? Tupeni uzoefu. Nitachelewa kujibu, naandika kwa mkono mmoja, mwingine umebeba mtu ananyonya.