Picha za Watu Wengine

Tarehe nane mwezi wa kumi, mwaka jana, nilipoteza kitambaa cha kichwa cha marehemu mke wangu juu ya lile jengo refu la Dubai, na nilikipoteza kwa ujinga wangu mwenyewe, ndiyo maana mpaka leo nikikumbuka ninainamisha kichwa hata kama niko peke yangu.

Mimi ni fundi cherehani, nakaa Musinzira, hapa Gitega. Juu ya cherehani yangu mke wangu Goreth alibandika picha ya jengo hilo, aliitoa kwenye kalenda, akawa anawaambia wateja kwamba siku moja tutapanda mpaka juu tuangalie kama Gitega inaonekana (alijua haionekani, alikuwa mtu wa utani). Hatukupata mtoto. Alipofariki, kaka yake Deo, ambaye huenda Dubai kununua vitambaa vya biashara, akasema safari hii tutaenda wote nimsaidie kuchagua. Mama yao, mama mkwe wangu ninayemwita Mabukwe kama desturi yetu, anayekaa Muyinga, alipopata habari akanipa kitambaa cha kichwa cha Goreth. Akaniomba nipande nacho, nipigwe picha nikikishika, nimletee siku ya kuganduka, yaani siku ya kumaliza msiba. Nikaahidi.

Niseme ukweli, niliahidi kwa woga. Kwetu, kuganduka kukipita, mwanaume aliyefiwa anakuwa huru, anaweza kuoa tena, na familia ya mke inaweza kumsahau polepole bila ubaya wowote. Wazazi wangu hawapo tena. Nilitaka siku hiyo niwe na kitu mkononi cha kunibakiza katika nyumba ile.

Basi asubuhi ya kupanda, Deo akavaa shati la mikono mifupi, mimi nikavaa suti nyeusi niliyoishona kwa ajili ya mazishi, na kifuani nikabandika kile kipande cheusi cha msiba ambacho kwetu mfiwa huvaa mpaka kuganduka.

"Shemeji, na hii joto yote, we unavaa suti?"

Nikamwambia siwezi kumpandisha Goreth nikiwa kama mtu anayekwenda sokoni. Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika, ila bado nilikuwa sijui.

Lifti ilipanda haraka mpaka masikio yakaziba. Mlango ulipofunguka nilikuwa wa kwanza kutoka, Deo akapita kwenda kwenye vioo, na mimi nikakumbuka kwamba nimesimama na watu wote wale mle ndani bila kumsalimia hata mmoja, jambo ambalo kwetu ni kama dharau, ukikuta watu unawapa mkono mmoja mmoja. Kwa hiyo nikasimama pale pale mlangoni nikawapa mkono, kila anayetoka, wanaume, wanawake, na bibi mmoja aliyenishika kwa mikono miwili akacheka. Kumbe mtu mwenye suti nyeusi, mwenye alama kifuani, anayepokea watu mlangoni, kule ni mfanyakazi. Yule bibi akanipa simu yake, akasogea na mume wake kwenye kioo. Ningekataaje? Nikaweka kitambaa cha Goreth kwenye benchi ili mikono iwe huru, nikawapiga picha. Nyuma yao familia nyingine ilikuwa tayari inaninyooshea simu, halafu nyingine, na lifti ikaleta watu wapya waliokuta foleni, nao wakaingia kwenye foleni. Kila nilipotaka kuondoka nilikuwa na simu ya mtu mkononi. Nilikuwa juu ya mji wote ule na sikuuona, niliona migongo ya watu na meno yao.

Deo alikuwa upande wa pili akidhani ninalia mahali, ameniacha kwa heshima.

Aliyenitoa pale ni mlinzi mmoja Mkenya. Aliniongelesha Kiingereza, alipoona simwelewi akahamia Kiswahili.

"Mzee, nani amekuweka hapa?"

"Hakuna."

"Na hii foleni ni ya nini?"

"Hata mi sijui, ndugu yangu."

Alinipeleka ofisini kwa upole, watu wote wakitazama, yule bibi akinipungia mkono. Deo alipofika kueleza mimi ni nani, wale wa ofisini walicheka wakaniachia. Nikarudi mbio kwenye benchi. Kitambaa hakikuwepo. Tulitafuta mimi, Deo na yule mlinzi, chini ya benchi, kwenye mapipa, mpaka tukaambiwa muda wetu umeisha. Picha yangu hata moja haikupigwa.

Tuliporudi Deo akaniambia Gitega iko studio moja inaweza kuniweka mbele ya jengo lolote, na kitambaa cha rangi ile tutakinunua, mama hawezi kujua. Nilikwenda mpaka mlangoni pa studio, siwezi kulificha hilo. Nikarudi nyumbani.

Siku ya kuganduka, Muyinga, zamu yangu ya kusema mbele ya watu ilipofika, nilieleza yote kama nilivyoeleza hapa, pamoja na ile studio. Mama mkwe alikuwa anatazama chini.

"Na hao watu," akauliza, "uliwapiga vizuri?"

"Vizuri, Mabukwe. Hakuna niliyemkata kichwa."

Akafunika mdomo kwa kitenge, mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, na uwanja wote ukacheka naye. Tangu mazishi sikuwa nimemsikia akicheka. Halafu akaniita, akanibandua kile kipande cheusi kifuani, kama desturi inavyotaka, nikajua sasa nimekwisha kuwa huru.

Watu walipoanza kuaga, familia ikapangwa mbele ya nyumba. Deo akaninyooshea simu.

"Shemeji, fundi wa picha ni we. Tupige."

Wakacheka tena, nami nikacheka, nikarudi nyuma hatua tatu nikaanza kuwapanga. Mama mkwe akainua mkono.

"Mpe jirani hiyo simu. We uje hapa."

Nikasema hapa nilipo nimeshazoea.

"Mwanangu, mi sitaki picha we haumo."

Akasogea, akamsukuma Deo kwa kiwiko, nafasi ikapatikana. Nikampa jirani simu, nikaenda nikasimama kando yake. Jirani akasema tusitikisike, akapiga.